Je, Wajua? "Yeye" Hana Jinsia

"Amefika, mpe kiti akae." Ukiisoma sentensi hiyo unamwona mgeni, unakiona kiti, unaiona na adabu ya mwenyeji. Kama mgeni ni mwanamume au mwanamke hujui, wala huhisi kwamba umefichwa kitu. Viambishi vya Kiswahili havishughuliki na jinsia ya mtu. Ijaribu sasa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu: kabla mgeni hajaketi, umeshaitangaza jinsia yake.

Wengi wetu hilo halituondolei usingizi. Lakini wapo watu wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake, na wengine hujiona wana kitu cha pande zote mbili. Wapo Nairobi na Dar es Salaam, wapo Goma na Muscat. Canada ilipouliza watu katika sensa yake ya 2021 wanajitambulisha kwa jinsia gani, watu 41,355 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walijiandikisha hivyo. Mtu wa namna hii akiishi kwa Kiingereza hutajwa vibaya tangu asubuhi hadi usiku, mara nyingi na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Nimekusanya hapa mambo ambayo msomaji wa Kiswahili anastahili kuyajua, kwa sababu lugha yetu ina la kusema katika mjadala huu na imekaa kimya mno.

Je, wajua kwamba mwaka 1776, mwaka ule ule Marekani ilipojitangazia uhuru, alitokea huko mhubiri aliyekataa kuitwa mwanamume wala mwanamke? Alizaliwa Cumberland, Rhode Island, mwaka 1752, katika familia ya dhehebu la Marafiki, lile lile ambalo baadaye lilijenga misheni ya Kaimosi, magharibi ya Kenya. Wazazi walimpa jina Jemima Wilkinson. Oktoba 1776 alishikwa na homa kali, na alipoinuka kitandani alisema Jemima amekufa, na kwamba mwili ule sasa umebeba roho iliyotumwa na Mungu. Jina la roho hiyo lilikuwa Rafiki wa Ulimwengu Wote. Tangu siku hiyo hakuitika tena jina la zamani. Alivaa majoho meusi kama ya makasisi, alipanda farasi akihubiri mji hadi mji, na wafuasi wake walikwepa "he" na "she" kwa njia rahisi: kila mara walisema "Rafiki". Rafiki amesema. Rafiki amechoka. Farasi wa Rafiki yuko nje.

Baadaye waumini hao walihamia magharibi ya jimbo la New York na kuanzisha makazi waliyoyaita Jerusalem. Ulipofika wakati wa kuandika wosia, mwanasheria alishikilia kwamba lazima jina la kuzaliwa litajwe. Liliandikwa, lakini Rafiki hakulitia sahihi. Alichora alama ya X. Aliaga dunia Julai 1819, na wanahistoria wa Marekani mpaka leo hubishana watumie kiwakilishi gani wanapomwandika. Mimi nimekusimulia maisha yake yote hapa bila kukwama mahali popote, wala sikuhitaji ufundi wowote. Kiswahili kilinibeba.

Sasa jambo ambalo litawashangaza wanakwaya. Wakristo wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri wimbo "Yesu Kwetu ni Rafiki". Aliyeutungia tuni ni Mmarekani Charles Crozat Converse, ambaye mbali na muziki alikuwa mwanasheria huko Erie, Pennsylvania. Mtu huyo huyo ndiye aliyebuni kiwakilishi kipya cha Kiingereza, "thon", kisichobagua mwanamume na mwanamke, akakitangaza hadharani mwaka 1884. Alikipata kwa kuunganisha maneno mawili yenye maana ya "yule mmoja". Hakuwa akiwatetea watu wasio wa kike wala wa kiume. Kilichomkera ni kwamba Kiingereza kilikosa neno moja sahihi la kumtaja mtu asiyejulikana jinsia. Neno lake liliingia katika kamusi kubwa ya Merriam-Webster mwaka 1934, likaondolewa katika toleo la 1961 kwa kukosa watumiaji. Tuni ilidumu, kiwakilishi kikafa.

Kilichosalia ni "they", ambalo shuleni tulifundishwa kwamba ni la watu wengi tu. Ukweli ni kwamba Waingereza wamelitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, na Shakespeare alilitumia hivyo, naye Jane Austen pia. Kilicho kipya ni kulitumia kwa mtu anayejulikana kwa jina na sura, kwa ombi lake mwenyewe. Septemba 2019 mwimbaji Sam Smith alitangaza kwamba angependa kutajwa hivyo, na mwezi huo huo Merriam-Webster wakaiongeza maana hiyo katika kamusi yao. Mwaka ulipoisha waliliteua "they" kuwa neno la mwaka, baada ya watu kulitafuta kwenye kamusi yao ya mtandaoni kwa asilimia 313 zaidi ya mwaka uliotangulia.

Watu wengi wa kwetu wakisikia habari hii hucheka: mtu mmoja ataitwaje kwa wingi? Kabla ya kucheka, tuwaangalie jirani zetu wa lugha za Kibantu. Mshona wa Zimbabwe anayemheshimu mkubwa wake humtaja kwa kiambishi cha wingi, "va-", kama katika VaMugabe, na kitenzi hufuata wingi huo huo ingawa anayetajwa ni mtu mmoja. Wachewa wa Malawi hufanya vivyo hivyo. Hata nje ya Kibantu, Wayoruba wa Nigeria humtaja mzee kwa kiwakilishi cha wingi, na mwanazuoni Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu jamii ya Kiyoruba, alionyesha kwamba lugha hiyo haiulizi kama mtu ni wa kiume au wa kike. Inachouliza ni nani mkubwa, nani mdogo. Kumwita mtu mmoja kwa wingi ili kumpa heshima ni jambo la Kiafrika kabisa, la tangu zamani.

Nigeria hiyo hiyo imemtoa Akwaeke Emezi, mwandishi wa riwaya ya Freshwater ya mwaka 2018. Emezi hajitambulishi kama mwanamume wala mwanamke. Hujieleza kwa imani ya Waigbo kama ogbanje, roho inayozaliwa katika mwili wa mtu. Mwaka 2019 riwaya hiyo iliingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Wanawake ya Uingereza, na hakuna mwandishi wa aina yake aliyewahi kufika hapo kabla. Mwaka uliofuata waandaaji walidai maelezo ya jinsia yake kisheria kwa ajili ya kitabu kingine, na Emezi akatangaza kwamba vitabu vyake havitapelekwa tena kwenye tuzo hiyo. Lugha ya Kiigbo, kama Kiswahili, ina kiwakilishi kimoja kwa watu wote. Mgogoro ulikuja na Kiingereza.

Wasweden walichukua njia tofauti. Wao walikuwa na "han" kwa mwanamume na "hon" kwa mwanamke, na majirani zao Wafini walikuwa na "hän" moja kwa wote. Pendekezo la "hen" lilianza kusikika miaka ya 1960, likapuuzwa. Mwaka 2012 kikatoka kitabu cha watoto cha Jesper Lundqvist kilichomtaja mhusika wake mkuu kwa "hen" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nchi nzima ikabishana, na mwaka 2015 neno hilo likaingia katika orodha ya maneno ya Akademia ya Sweden. Miaka minne baadaye watafiti Margit Tavits na Efrén Pérez walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa Wasweden zaidi ya 3,000. Washiriki walionyeshwa mchoro wa mtu asiyetambulika jinsia akitembea na mbwa, wakaambiwa waueleze. Waliotumia "hen" hawakukimbilia sana majina ya kiume walipoombwa baadaye wamtaje mtu anayegombea uongozi.

Hapa Waswahili tusijisifu haraka. Sisi tumekuwa na "yeye" tangu enzi, na bado wengi wetu tukiambiwa "waziri ameshuka kwenye gari" tunamwona mwanamume. Waturuki, Wahungari na Waajemi nao hawana "he" wala "she", na hakuna anayezitaja nchi zao kama mfano wa usawa wa jinsia. Kiwakilishi kizuri hufungua mlango. Kuingia kunabaki kazi ya watu wenyewe.

Hata mashine zimeonyesha hivyo. Watafiti wa Brazil walichukua lugha 12 zisizobagua jinsia, Kiswahili kikiwemo, wakaipa Google Translate sentensi fupi za kazi za watu. Aliyekuwa "yeye" kwetu aligeuka mwanamume au mwanamke kufuatana na kazi yake, na kwenye kazi za sayansi na uhandisi wanaume walijaa kuliko hali halisi. Desemba 2018 kampuni hiyo ilianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, ikianza na lugha chache kama Kituruki. Jibu la tatu halikuwepo.

Kwa jamaa zetu wanaoishi kati ya lugha mbili, tofauti hiyo ni ya kila siku. Mfikirie kijana wa Goma asiyejiona wa kike wala wa kiume. Nyumbani anasema "nimefurahi" na mambo yanaisha. Darasani, kwa Kifaransa, hawezi hata kusema amefurahi bila kuchagua "content" au "contente". Anayelazimishwa kuchagua ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Wafaransa wamejaribu "iel", lililoundwa kwa kuunganisha "il" na "elle", na mwaka 2021 kamusi ya Le Robert ya mtandaoni ikaliweka. Waziri wa elimu wa wakati huo, Jean-Michel Blanquer, alilipinga hadharani. Lakini hata "iel" haliwezi kutatua tatizo la vivumishi. Muscat nako, katika nyumba za familia zilizotoka Zanzibar ambako Kiswahili bado kinasemwa, mtoto huulizwa "umekula?" na swali linamtosha yeyote yule. Kwa Kiarabu fasihi swali hilo hilo ni "akalta" kwa mvulana na "akalti" kwa msichana. Jinsia imo ndani ya "wewe", imo hata ndani ya kula.

Je, wajua kwamba Kiswahili, pamoja na upole wake wote, kina kiwakilishi kinachoumiza kuliko "he" na "she"?

Kitazame vizuri. Tunasema kijana amefika, kiongozi amesema, kipofu ameketi. Nomino zina umbo la KI, lakini kitenzi kinakataa kulifuata. Kinasema a-, kwa sababu anayezungumziwa ni kiumbe mwenye uhai. Uhai unashinda umbo. Hii ni sheria ya heshima iliyofumwa ndani ya sarufi, na mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo anayetaka kumdhalilisha mtu anajua pa kugusa: anaivunja sheria hiyo makusudi. "Kile kijitu kimekuja." "Lile jitu limeondoka?" Hajatukana kwa neno lolote chafu. Amemtoa tu mtu katika ngeli ya watu, akamweka pamoja na viti na vyungu.

Watu ambao sura zao, mavazi yao au sauti zao hazieleweki upesi huyajua hayo vizuri. "Hiki nini?" husemwa kituo cha daladala, husemwa sokoni, na msemaji huangalia huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo ya viwakilishi ni ya Wazungu, sisi hayatuhusu, hajaisikiliza lugha yake. Mswahili anajua fika jinsi kiwakilishi kisicho sahihi kinavyomvunja mtu. Anajua tangu utotoni. Asichokifanya ni kumhurumia anayeambiwa "hiki" kama anavyojihurumia yeye.

Lugha nyingine huliweka hili wazi zaidi. Wazapoteki wa Juchitán, jimbo la Oaxaca huko Mexico, wana kiwakilishi kimoja kwa binadamu, kingine kwa mnyama na kingine kwa kitu. Ndani ya kile cha binadamu hakuna mwanamume wala mwanamke. Ndiko wanakoishi muxe, watu waliozaliwa na maumbile ya kiume lakini wana nafasi yao wenyewe katika jamii, hushona mapambo, hufanya biashara, hutunza wazazi waliozeeka, na kila Novemba hufanya sherehe yao kubwa. Wakitajwa kwa Kizapoteki ni binadamu, basi. Wakitajwa kwa Kihispania, mabishano yanaanza.

Wabugisi wa Sulawesi, Indonesia, ambao ni Waislamu, wamezoea kuhesabu namna tano za kuwa mtu: mwanamume, mwanamke, calalai (aliyezaliwa na maumbile ya kike akaishi kiume), calabai (kinyume chake), na bissu. Huyu wa mwisho hukusanya pande zote na huongoza ibada za jadi. Miaka ya 1950 na 1960 waasi wa Kahar Muzakkar waliwaandama bissu na kuziharibu mila zao. Hawakuwamaliza.

Na tusidhani kwamba vitabu vyetu vya dini havikuwahi kumwona mtu asiyeingia upande mmoja. Wanazuoni wa fikihi waliandika kurasa nyingi kuhusu huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoeleweka kuwa ya kiume au ya kike. Walijadili asimame wapi katika swala ya jamaa, wakampa safu baada ya safu za wanaume na kabla ya zile za wanawake. Katika mirathi, madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, husema kila mrithi apewe kile kilicho cha yakini, na kinachobaki kishikiliwe mpaka hali ibainike au warithi wapatane. Huntha ni suala la maumbile, na mtu asiyejiona mwanamume wala mwanamke ni suala la utambulisho. Haya mawili yasichanganywe. Lakini ona walivyofanya wale mashehe: walipokutana na mtu asiyetosha katika visanduku viwili, kazi waliyojipa ilikuwa kumtafutia haki yake.

Serikali nazo zimeanza kujifunza hilo, kwa kusuasua. Kanuni za kimataifa za pasipoti zinaruhusu herufi tatu mahali pa jinsia: M, F na X, ile ile aliyoichora Rafiki kwenye wosia. Australia, New Zealand, Canada na Argentina huitoa X kwa raia wao. Nepal ilifika mapema kuliko wengi: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru mwaka 2007 kwamba jinsia ya tatu itambuliwe. Marekani ilitoa pasipoti yake ya kwanza yenye X Oktoba 2021, na Januari 2025 rais aliyeapishwa mwezi huo aliamuru zisitolewe tena.

Kenya ina kumbukumbu tatu za kujivunia. Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa na maumbile ya kiume, aliyekuwa akidai cheti chake cha mtihani wa sekondari (KCSE) kiandikwe jina lake jipya. Mahakama iliamuru cheti kitolewe upya, na kitolewe bila alama ya jinsia, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyolazimisha alama hiyo iwepo. Alama za mtihani zilibaki zile zile. Kisha katika sensa ya 2019 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu huntha: walioandikishwa ni 1,524. Mwaka 2022 Sheria ya Watoto ikawataja watoto huntha na kuwapa ulinzi. Kwa watu wazima wasiojitambulisha kwa jinsia yoyote kati ya hizo mbili, fomu nyingi za eneo letu bado zina ME na KE tu. Wengi wao huishi kwa kujificha, wakihofia kupoteza kazi, chumba cha kupanga na hata familia.

Kinachowabana zaidi katika Kiswahili ni majina ya kuitana. Tuna hazina kubwa ya majina yasiyobagua: ndugu, mtoto, mjukuu, mpwa, mkwe, jirani, mwalimu, daktari, fundi, mheshimiwa. Shikamoo na marahaba hazina jinsia. Marais wa Tanzania wamezoea kuanza hotuba kwa "Ndugu wananchi", salamu inayomwingiza kila mtu, jambo lisilowezekana kwa "mabibi na mabwana". Lakini mtu wa makamo akiingia dukani, muuzaji atasema "karibu dada" au "karibu kaka". Mtoto wa ndugu yake atamwita shangazi au mjomba, na hapo Kiswahili hakina neno la katikati. Baadhi ya familia huacha jina la udugu wakatumia jina la mtu mwenyewe, jambo ambalo kwa wazee wetu ni utovu wa adabu mtoto akilifanya kwa mkubwa. Hili ndilo fundo letu hasa, nasi ndio wa kulifungua, kwa sababu hakuna Mzungu atakayetufungulia.

Kwa hiyo akikuambia mtu "usiniite dada, niite ndugu," mwite ndugu. Na kama wewe ndiye unayeandaa fomu ya kujiunga na kwaya, chama cha kuweka na kukopa au kozi ya kompyuta, utazame tena ule mstari wa ME na KE. Kama huna cha kufanya na jibu lake, ufute.